Mia na Ishirini kwa Themanini

Mama yangu alihama meza yangu siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, ukumbi ukiwa umejaa watu.

Zahanati yetu ni ndogo. Kuna chumba cha daktari, chumba cha chanjo, dirisha la mapokezi, na ukumbi wenye meza mbili za kupimia. Meza ya karibu na dirisha ni yangu, na nimeikalia miaka sita. Ya mlangoni ni ya muuguzi aliyekuja mwaka jana, ambaye mpaka leo tunamwita Mgeni. Sisi wawili hatutibu mtu. Kazi yetu ni kuwawahi watu kabla hawajaugua: tunapima presha, sukari na uzito, tunawakumbusha kina mama tarehe za chanjo, tunawapigia simu wanaojificha. Kila mtu ana kadi kwenye sanduku la muuguzi mmoja, na akitaka kuhama sanduku ni haki yake. Kwa miaka sita hakuna aliyehama langu. Hilo nilikuwa nalisema hata bila kuulizwa.

Mama aliingia, akapita mbele ya meza yangu, akasema, "Hujambo, mwanangu," kwa sauti ile anayowasalimia majirani, kisha akaenda kuketi mlangoni.

Mgeni akaja kwangu, mikono nyuma. "Samahani, kaka. Mama anaomba kadi yake."

"Mama yupi?"

"Mama yako."

Nikampa. Sikumrushia. Kadi iliteleza yenyewe ikaanguka sakafuni, naye akainama kuiokota, viatu vyake vinang'aa kama vya bwana harusi.

"Makubwa," dada wa mapokezi akasema dirishani kwake. "Talaka nimeziona nyingi, lakini ya mama na mwana ndiyo kwanza leo."

Watu wakacheka. Mama naye akacheka.

Tangu siku ile sikuwa na raha. Nilikuwa nafunga mkanda wa presha kwenye mkono wa mtu huku masikio yangu yako mlangoni. Mgeni haongei sana, na hilo lilizidi kuniudhi, maana mtu anayeongea unaweza kumkosoa. Anasugua viganja kwanza vipate joto ndipo amshike mgonjwa. Bibi mmoja asiye na jino hata moja alikuwa akimwita mchumba, na kila akija ananipungia mkono mimi kwa mbali, kama mtu anayemuaga mpangaji anayehama. Wivu wangu ulikaa kisogoni. Mama akicheka kule mlangoni, kisogo kinagonga, gu, gu, gu, kama mtu anayebisha hodi na anajua uko ndani.

Wiki ya sita nilimuuliza nyumbani. Tunaishi wawili tu, tangu Baba alipoanguka bafuni asubuhi moja asiamke tena. Presha ndiyo iliyomchukua. Hakuwahi kupimwa hata siku moja, na hapo ndipo nilipochagua kazi hii.

"Yule ana nini ambacho mimi sina?" nikasema.

"Nani?"

"Unamjua."

Mama alikuwa anakunja nguo. "Ana kiti kizuri. Cha kwako kinanibana."

"Mama, sema kweli."

"Ya zahanati yaache zahanatini, baba. Hapa nyumbani mimi ni mama yako, inatosha."

Asubuhi iliyofuata nikamkuta anameza kidonge. Nikaichukua pakiti nikaisoma: dawa ya presha. Nikahisi nimepigwa kofi. Kwangu mimi, mwaka mzima, Mama hakuwahi kuvuka mia na thelathini. Namba zake nazijua kwa moyo. Sasa huyu mtu wa juzi amempima mara mbili, amempeleka kwa Daktari, na Mama anameza vidonge. Ama mashine yake mbovu, ama anawatisha watu ili aonekane wa maana. Yote mawili nilikuwa nayatamani.

Nikasubiri Ijumaa.

Ijumaa alasiri, watu wakishaondoka, tunasomeana kadi. Ni utaratibu wa Daktari, mama mmoja mfupi wa sauti ya chini ambaye ndiye mwenye zahanati. Mimi nachukua sanduku la Mgeni, yeye analichukua langu, na kila mmoja anasoma kwa sauti kadi chache za mwenzake, kwa sababu Daktari anasema macho yako hayaoni makosa ya mkono wako. Utaratibu mwingine wake ni kwamba sisi wafanyakazi nasi tupimwe kila miezi mitatu, mwenzako akupime, kadi ikae kwenye droo yake. Huo wa pili nilikuwa nimeuacha tangu Mgeni aje. Sikutaka anishike mkono. Kila miezi mitatu nilijiandikia mwenyewe mia na ishirini kwa themanini, namba ya mtu mwenye afya, nikairudisha kadi drooni. Sikuona ni uongo. Nilikuwa kijana, napanda ngazi mbili mbili, nitakuwa na nini?

Ijumaa hiyo nilisoma kadi tatu za Mgeni haraka haraka. Ya nne ilikuwa ya Mama. Hiyo niliisoma polepole.

"Kwangu: mia na ishirini na sita kwa themanini. Mia na ishirini na nane kwa themanini na mbili. Mia na ishirini na sita tena. Halafu amehamia kwake: mia na sitini na mbili kwa tisini na nane. Mia na hamsini na nane kwa tisini na sita." Nikaiweka kadi mezani. "Daktari, mtu habadiliki hivyo kwa wiki sita. Mashine ya huyu ni mbovu, na watu wanalishwa dawa bure."

Mgeni alitazama mikono yake.

"Una la kusema?" Daktari akamuuliza.

"Hapana, Daktari. Tuijaribu tu mashine."

Nikafurahi. Nilidhani ameshikika.

Daktari akaagiza mashine zote mbili ziletwe. "Haya, wewe mwenye malalamiko, pandisha mkono wa shati. Tutakupima kwa zote mbili."

Nikaupandisha kwa madaha. Akanifunga mkanda wa mashine ya Mgeni, akasikiliza, akaandika. Tukasubiri dakika tano. Akanifunga mkanda wa mashine yangu, akasikiliza, akaandika. Kisha akanigeuzia karatasi.

Ya Mgeni: mia na hamsini na sita kwa mia moja na mbili. Yangu: mia na hamsini na nne kwa mia moja.

"Mashine zinaelewana," Daktari akasema. Akafungua droo, akatoa kadi yangu, akaisoma. "Mia na ishirini kwa themanini. Mia na ishirini kwa themanini. Mia na ishirini kwa themanini. Mara nne. Hata ukuta huu unabadilika mvua ikinyesha. Nani alikupima?"

Kisogo kilikuwa kinagonga, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza kama kweli ni wivu unaogonga.

"Na za mama yako ulizipataje?"

"Nilimpima vizuri. Namba zile niliziona kwa macho yangu."

"Uliziona," Mama akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake. Ijumaa hunipitia tukarudi pamoja. "Lakini hukuona hizo peke yake. Ya kwanza ukiiona unakunja uso. Unaniambia, Mama, hebu pumzika, umetembea juani. Ya pili nayo huipendi. Ya tatu unasema mkanda haukukaa sawa. Mpaka vidole vinakufa ganzi, ndipo inatokea moja inayokupendeza, unaiandika hiyo."

"Kurudia kipimo ni sahihi," nikasema. "Tunafundishwa hivyo."

"Kurudia si kosa," Daktari akasema. "Kosa ni kuchagua."

Nilitaka kukana. Nikatafuta hata siku moja niliyoandika namba ya kwanza ya Mama, sikuipata.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza Mama.

"Ungenipima mara sita badala ya nne." Akasogea, akanishushia mkono wa shati kama ninavyoshushiwa tangu niko mdogo. "Wewe ukinipima unamwona baba yako. Huyu akinipima ananiona mimi. Nilimsihi asikwambie, akakubali. Usimchukie kwa hilo."

Nilimchukia zaidi kwa hilo. Wiki sita alikuwa anajua, na wiki sita nilikuwa nampita asubuhi bila salamu, naye anaitikia salamu ambayo sikuitoa.

Daktari hakunifokea. Aliichukua kadi yangu, akaitia kwenye sanduku la Mgeni, akalifunga. "Jumanne," akasema.

Jumanne nikaiacha meza yangu, nikavuka ukumbi, hatua tisa, nikaketi kwenye foleni nyuma ya Mama. Dada wa mapokezi alifungua mdomo, akautazama uso wangu, akaufunga. Mama akapimwa kwanza: mia na thelathini na nane kwa themanini na nane. Dawa inafanya kazi. Mgeni akamwambia neno, Mama akacheka kile kicheko, nami nikasikia kisogo kikianza.

Kisha ikawa zamu yangu. Kiti chake kweli ni kizuri kuliko changu. Akasugua viganja, akanifunga mkanda, akasikiliza, hewa ikatoka taratibu.

"Mia na hamsini kwa tisini na sita," akasema. Kalamu yake ikasita juu ya kadi. "Umekuja mbiombio, kaka. Nirudie?"

Mama alikuwa ananitazama kutoka kwenye benchi, mfuko magotini.

"Andika hiyo kwanza," nikasema. "Ndipo urudie."