Bomba la Bi Mauwa

Kokushubila alimlaza mwanawe katikati ya chumba, juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, akarudi nyuma hatua mbili, akasubiri. Ndivyo alivyokuwa akipima vyumba vya kupanga. Mumewe, Gozbert, karani wa stesheni, alikuwa amemwandikia karatasi ya mambo ya kuangalia: sakafu ya saruji, mlango wenye kitasa, choo kisicho mbali, bomba. Karatasi ile ilikuwa na mwandiko mzuri sana, na Kokushubila aliitunza kifuani ili isichafuke. Lakini aliyekuwa akichagua hasa ni Revelian, wa miezi mitano. Tangu washuke kwenye garimoshi Dar es Salaam hakuwa amelala usingizi wa maana. Vipele vya joto vilimtapakaa kuanzia shingoni hadi kiunoni, na ziwa la mama alikuwa ameanza kulikataa. Nesi alisema mtoto atafutiwe mahali penye ubaridi upesi, na kwamba wasipopapata, wasije wakasema hawakuambiwa.

Chumba hicho cha Buguruni kilikuwa na kila kitu cha kwenye karatasi, na kioski cha maji ng'ambo ya barabara. Juu kulikuwa na mabati. Revelian alilia kabla mama yake hajamaliza hatua ya pili.

"Analilia nini huyu?" akauliza mwenye nyumba.

"Analilia mabati yako, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Yazoee, basi."

Kinondoni walionyeshwa chumba cha makuti, kimepoa kidogo, mtoto hata akafumba jicho moja. Ila choo kilikuwa kwenye ua wa jirani, na huwezi kukatiza ua wa watu bila kuwaamkia, kuanzia babu aliyekaa barazani hadi mkwe aliyekuwa akitwanga. Kokushubila aliwahesabu, wakafika kumi na wanne. Akaona kwamba mwenye haraka ya kweli hatafika.

Siku ya tatu akafika Temeke, kwa Bi Mauwa. Kwao Bukoba alikuwa analijua bomba moja tu, la misheni, nalo lilitoa maji. Kwa hiyo akauliza kama mtu wa bara.

"Bomba lipo?"

Mwenyeji wa Dar es Salaam angeuliza kama maji yanatoka.

"Lipo," akasema Bi Mauwa. Alikuwa mama wa Kizaramo mwenye tabia ya kujibu alichoulizwa tu.

"Linatoa?"

"Mwanangu, halijapata kukatika."

Wakaenda uani. Bomba lilisimama kando ya mpapai, koki ya shaba imeng'arishwa kwa majivu. Bi Mauwa akaifungua, ukatoka upepo wa bahari, mwororo, wenye chumvi kidogo. Bi Mauwa akaeleza, kama mtu anayeonyesha jiko, kwamba bomba kubwa hupita chini ya mtaa likipeleka maji Uzunguni, kando ya bahari, haligawi hata tone njiani. Maji yakishafika kule, upepo wa kule hurudi huku. Jumamosi hunukia nyama ya kuoka. Jumapili huja na kinanda, lakini si kwa sauti ya kukera.

"Na maji je?"

"Maji hukuuliza. Maji yako kioski cha barabara ya malori. Ukitoka na debe limejaa, unafika nalo limepungua vidole vitatu. Hivyo unavivaa mgongoni."

Kokushubila akaangalia chumba. Sakafu ya udongo. Mlango wa komeo. Jirani wa ukuta mmoja, Marselino, Mmakonde mchonga vinyago, alikuwa akigonga patasi tangu asubuhi. Akaifikiria barabara ya malori na debe kichwani, mara nne kwa siku, na nepi za kufua. Kisha akaitandika kanga mbele ya bomba, akamlaza mtoto, akarudi nyuma hatua mbili.

Revelian akalitazama bomba. Akapiga mwayo. Akalala hadi alasiri. Mama yake alipata nafasi ya kula muhogo wa Bi Mauwa, kugombana naye kama ndizi ni chakula au ni tunda, na kupatana.

Jioni Gozbert akachukua karatasi yake na kalamu.

"Sakafu?"

"Udongo."

"Kitasa?"

"Komeo."

"Choo?"

"Kipo karibu, hata mno."

"Bomba?"

"Lipo."

Gozbert akatia alama ya vema, akaridhika. Wakahamia.

Vipele vikakauka kwa wiki moja. Mtoto akarudi kwenye ziwa kama anayedai fidia. Marselino alikuja kupeperusha vumbi la mpingo pale bombani kinyago kikishamalizika, na Bi Mauwa aliwashia mkaa upepo huohuo. Shingo ya Kokushubila nayo ikawa ngumu kwa debe. Gozbert akaisifia kwamba imekaa kimalkia, akanyimwa chai siku hiyo.

Ikapita masika. Kokushubila, aliyesoma hadi darasa la nne, akaandika barua serikalini kwa niaba ya kina mama wa mtaa, akiomba kioski cha maji cha hapo mtaani. Akaja bwana mmoja wa afya, kaptula imepigwa pasi, kofia kichwani, fomu mkononi. Akafungua koki. Kofia ikaruka, ikanasa mpapai. Akaitungua kwa mti wa kuangulia mapapai, akaivaa, akaitazama fomu. Fomu ilikuwa na mahali pawili tu: Bomba lipo, Bomba halipo. Bwana yule alikuwa mtu mkweli. Akaandika lipo.

"Bwana, lakini ni upepo," akasema Kokushubila.

"Nimeusikia, mama. Mzuri sana. Fomu haina mahali pa upepo."

"Na maji?"

"Wala ya maji haina."

Jibu likaja baada ya miezi miwili, limepigwa taipu. Mtaa ulikwisha kupata bomba, na wakazi waliombwa wasirudie maombi. Juma hilohilo ikasikika kwamba mabibi wa Uzunguni walilalamika mapazia yao hayapepei tena kama zamani. Wao walijibiwa siku ya tatu, wakafungiwa mapangaboi ya darini.

Kina mama walisomewa barua yao uani. Mmoja aliyekuja na mwanawe mgongoni alimshusha, akamlaza mkekani pembeni ya Revelian, akachukua debe, akaenda zake barabara ya malori. Kesho yake wakaja watatu. Mwisho wa mwezi kukawa na zamu: mama mmoja anabaki na watoto wote, wengine wanafuata maji, na aliyebaki anajaziwa debe lake.

Zamu ya Kokushubila ya kubaki iliangukia siku ambayo bahari ya Uzunguni ilikuwa imechafuka, na upepo wa bombani ulikuwa mkali. Watoto kumi na mmoja walikuwa wamelala fofofo mkekani, kila mmoja anavuta kanga ya mwenzake. Akainuka, akapunguza koki nusu, akawafunika. Kisha akakaa, midomo imemkauka, akiangalia njia kama yupo anayerudi na maji.