Elfu Tatu na Tatu

"Sema umekosea, yaishe," msimamizi alisema. "Neno moja tu. Halafu kila mtu arudi kazini."

Kimya alishika mwiko wake kwa mikono miwili. Mbele yake, ndani ya pipa kubwa, sabuni iliyopaswa kuteleza kama asali ilikuwa imelala nyepesi, maji matupu yenye harufu ya limau. Wanawake wa chupa, wanaojaza sabuni, walimzunguka. Shangazi yake, aliyemtafutia kazi hii, alikuwa mbele yao wote.

Jina lake halisi halikuitwa hapo kiwandani. Walimwita Kimya kwa sababu akisalimiwa alijibu kwa kichwa.

Mashine mpya ya kupima mnato, yaani sabuni ilivyo nzito, ililetwa jana asubuhi. Ilikuwa na kijiti cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha sabuni, na namba zinazowaka. Ukutani, juu ya pipa, maandishi yalikuwa yaleyale ya siku zote: mnato, elfu tatu. Mashine ya zamani ikifika elfu tatu, Kimya aliacha kutia chumvi, kwani chumvi ndiyo inayoifanya sabuni iwe nzito.

Mashine mpya ilisema tatu.

"Kaka," Kimya alimwita mpimaji aliyesimamia mashine, "huku inasema tatu. Ukutani ni elfu tatu."

Mpimaji alikuwa na simu sikioni. "Si bado sana? Ongeza chumvi."

"Lakini mkono unaona imeshakuwa nzito."

"Mkono wako ulisoma wapi, dada?"

Wanawake wa chupa walicheka. Kimya naye alicheka kidogo, na hicho ndicho kilichomchoma usiku kucha: kwamba alicheka.

Akaongeza. Namba ikapanda nne, ikapanda tano, mwiko ukamvuta mabega. Akaita tena. "Elfu tatu, dada! Hujui kusoma?" mpimaji alimjibu. Akaongeza. Hapo sabuni ikashiba. Sabuni ina inda yake: chumvi huifanya nzito mpaka kiasi, ikizidi hapo huachia, ikawa maji. Namba zikaanza kushuka, naye aliyetumwa kutafuta elfu akazidi kutia chumvi, na kila konzi iliyeyusha kazi ya konzi iliyotangulia.

Leo asubuhi mpimaji alimngoja mlangoni. Alinong'ona kama mtu anayemdokeza rafiki.

"Sikia. Ile ya zamani ilihesabu kwa vipimo vidogo. Hii inahesabu kwa vikubwa. Vidogo elfu moja ndio kikubwa kimoja. Vipo hata vidogo zaidi, milioni nzima kwa kimoja. Kwa hiyo elfu tatu ya kule ni tatu ya huku. Ni kama gramu na kilo tu, mtu yeyote angejua."

Gramu na kilo! Kimya alinunua unga kila siku. Muuza duka akimwambia gramu elfu tatu, angebeba kilo tatu bila kuuliza. Jambo lenyewe lilikuwa dogo hivyo, na hakuna aliyeona anastahili kuambiwa.

Sasa alimtazama mpimaji, aliyesimama nyuma ya msimamizi akifuta miwani isiyo na vumbi.

"Kaka," alisema, na sauti yake ikawashtua wote, yeye mwenyewe kwanza. "Waambie ulichoniambia mlangoni."

Mpimaji aliendelea kufuta.

"Hatukuja kwenye baraza hapa," msimamizi alisema. "Umekosea au hukukosea?"

Shangazi alimvuta mkono. "Mwanangu, sema tu. Neno halivunji mfupa. Kazi je? Kesho utakula heshima?"

"Niliuliza, shangazi. Mara mbili. Ulikuwepo. Ulicheka."

Shangazi aliachia mkono.

"Sijakosea," Kimya alisema. "Nilitumwa."

"Vizuri." Msimamizi alionyesha pipa. "Mwaga uchafu wako, uoshe pipa, uende kwenu."

Alifungua koki. Sabuni ikatoka kwa pupa, ikashika mfereji unaopita uani hadi mbele ya ofisi. Akachukua mpira wa maji, akaosha pipa kama alivyoliosha kila jioni, pembe kwa pembe, bila haraka. Maji yalipoipiga ile sabuni mferejini, povu likainuka. Likajaa mfereji, likafurika, likapanda ngazi ya ofisi.

"Leteni ufagio!" msimamizi aliita, akiinua mguu mmoja, kisha mwingine.

Ufagio ulikuwa karibu na shangazi. Aliushika, akautazama, akauegemeza tena ukutani.

Wanawake wa chupa hawakucheka. Kimya alifunga maji, akautundika mwiko kwenye msumari wake. Povu jeupe lilikuwa limeshafika kwenye viatu vya mpimaji, naye alisimama palepale, miwani mkononi, midomo ikimcheza kama anayetafuta namba.