Maumivu ya Kanyere Yalishika Njia ya Beni

Muuguzi Ornella alinawa mikono, akaifuta kwenye aproni, kisha akambandika Kanyere vibandiko kandokando ya mshono. Gundi yavyo ilikuwa imekwisha, kwa hiyo alivishikiza kwa plasta. Nyaya zavyo ziliingia kwenye kimashine cha betri, kidogo kama redio ya mfukoni. Uani ndugu wa wagonjwa walikuwa wakisonga bugali, na moshi uliingia hadi wodini.

"Utasikia sawa badudu banatembea ku ngozi," alisema. "Pale ukohoe, mama. Usipokohoa, pafu itajaa maji."

Kanyere alikuwa mchuuzi wa viazi kutoka Lubero. Ilikuwa vita, na barabara ilikuwa ya yeyote mwenye bunduki. Risasi ilimpata kwenye bariya, kizuizi cha askari karibu na Beni, gari alilopanda likiwa limeshaanza kusimama. Hapa Butembo daktari alimpasua ubavu wa kushoto, akaitoa. Tangu hapo kila pumzi ilimkata.

Ornella akazungusha kitufe. Maumivu yakatoka kwa kufuata nyaya, yakasimama kidogo juu ya blanketi, yakapita dirishani na kushika njia ya Beni. Kanyere akakohoa vizuri.

"Yanaenda wapi?" aliuliza.

"Ku mwenyewe. Ya ule mama wa kitanda ya pembeni yalikuwaka yanaenda Mutwanga."

Juma lile lile askari mmoja alishuka kwenye pikipiki akiwa ameshika ubavu wa kushoto. Aliacha bunduki langoni, akauliza wodi ya wanawake, akaja kuketi miguuni pa kitanda cha Kanyere. Aliitwa Aristote, mtu wa Kikwit, na Kiswahili chake alikiokota barabarani.

"Mama, ukifungua ile kamashini, miye naanguka," alisema. "Basoda bote bananicheka. Pardon, uzime."

"Nikizima, sitakohoa."

"Najua. Infirmière Ornella amenielezea."

Kanyere akamtazama. "Ni weye njo ulipiga?"

"Ni miye. Komanda alinyoosha kidole, nikafinya bunduki."

"Na yeye anaumwa?"

"Hapana. Leo asubuhi alimaliza muguu wa mbuzi muzima."

Kanyere hakupata utulivu tena. Aligeuka huku, akageuka kule, kila upande ukamuuma, na mguu wa mbuzi haukumtoka kichwani. Akamwomba Ornella azungushe kitufe hadi mwisho, ili maumivu yampite Aristote na kufika kwa komanda.

"Nilijaribuka na bengine," Ornella alisema, lakini akazungusha.

Aristote aliteleza kutoka kitandani hadi sakafuni, akauma mkono wa shati. Wote watatu walingoja. Maumivu hayakusogea.

"Inaishiaka ku mwenye alifinya," Ornella alisema, akarudisha kitufe.

Wakapatana. Aristote alikuja kila alipoweza kutoroka bariya. Alilala sakafuni, akakumbatia mto kama wagonjwa wanavyofundishwa, ndipo Kanyere akafungua mashine na kukohoa. Kati ya kikohozi na kikohozi walizungumza bei ya viazi. Kanyere hakumsamehe, naye hakuomba msamaha. Lakini Kanyere alijifunza kukohoa haraka.

Komanda aliona kuwa askari anayeangukaanguka hafai bariyani, akampeleka mstari wa mbele, upande wa Luofu. Kwa siku kadhaa maumivu yalipotoka dirishani yalielekea kusini. Kisha asubuhi moja, kabla Kanyere hajakohoa hata mara moja, yalirudi yenyewe na kumwingia mbavuni.

Ornella alibadilisha betri. Yakatoka, yakarudi.

"Mwenyewe hayuko tena," alisema.

Kanyere aliuliza: "Na komanda?"

"Balimupandisha grade. Iko mu furaha."

"Ku bariya balitia nani?"

"Kijana mupya. Banasema iko mwepesi wa kufinya."

Kwenye kitanda cha mlangoni alikuwa amelazwa muuza mafuta ya mawese wa njia ile ile, aliyepasuliwa jana yake kutolewa risasi. Ornella alimbandua Kanyere vibandiko polepole.

"Univumilie, mama. Huyu bado iko na mutu wa kumupelekea maumivu."

Akambandika yule mwanamke, akazungusha kitufe. Maumivu yakainuka, yakapita juu ya kitanda cha Kanyere, yakashika njia ya Beni. Kanyere alisogea kuyapisha. Kisha akakaa wima, akajishika mbavu, akakohoa.