Siku Mashine Kuu Ilipokataa Kuwaka

Foleni ya ofisi ya vizazi na vifo ilikuwa imefika nje ya mlango pale mkurugenzi alipomwamuru fundi wa kompyuta aweke kiini kipya cha Linux, programu inayoiendesha mashine, kwenye mashine kuu. Fundi alishauri wasubiri ofisi ifungwe. Mkurugenzi alisema ameshawaahidi wakubwa. Fundi aliweka, akaizima mashine, akaiwasha. Skrini iliandika kwamba kiini hakioni diski, ikaganda hapo.

Kwa kuwa kumbukumbu za watu zilikuwa ndani ya mashine hiyo, walioandikwa humo walipoteza uzito. Walinyanyuka taratibu, fomu mkononi, hadi vichwa vikagusa dari. Mzee mmoja alilalamika kwamba mtu wa nyuma yake amepaa kabla yake.

Aliyebaki sakafuni ni mfagizi, mama mdogo wa fundi. Alikuwa akiomba kuandikwa tangu aajiriwe pale, na kila mara aliambiwa arudi. Leo naye alikuwa kwenye foleni, akingoja zamu yake dirishani. Bila cheti cha kuzaliwa, hospitali ilikataa kumpasua jicho lililokuwa likififia.

Alifunga madirisha, akamdaka kwa kifundo cha mguu karani aliyekuwa akielea kuelekea mlangoni, akamsukumia ndani.

“Mama mdogo, nivute chini,” fundi aliita.

Alimvuta, akamfunga kiuno kwa waya wa mtandao kwenye mguu wa meza. “Haya, iwashe. Zamu yangu inapita.”

Fundi alichomeka fleshi, akaiwasha mashine kupitia hiyo, akafungua diski. Ofisi ilikuwa na mwiko wa kufuta chochote, kwa hiyo viini vyote vya zamani vilikuwemo. Sehemu ya diski ya kuwashia mashine ilikuwa imejaa pomoni, na faili la kuanzishia kiini kipya lilikuwa limekatika katikati kwa kukosa nafasi.

“Nafuta viini vya zamani. Nabakiza kimoja cha akiba.”

“Hapa hatufuti kitu!” mkurugenzi alisema kutoka darini.

“Basi zoea huko juu, bosi,” mama mdogo alisema. Dari nzima ilicheka.

Mkurugenzi alifikiri. “Futa. Ila usitangaze.”

Fundi alifuta, akalitengeneza upya faili la kuanzishia, akahakiki kwamba limekamilika, akachomoa fleshi na kuwasha. Mistari ilitiririka kwenye skrini bila kukwama, na watu wakashuka, kila mmoja akitua kwenye nafasi yake katika foleni.

“Mnamwona huyo?” mama mdogo aliwaambia. “Mwanangu huyo. Nimemlea mwenyewe.”

Fundi hakugeuka, lakini aliketi wima zaidi.

Zamu ya mama mdogo ilipofika, karani alikuwa bado na alama za vidole vya mama huyo kwenye kifundo. Alinyoosha tai, akaomba uthibitisho kwamba amezaliwa.

“Si unaniona?”

“Nakuona, mama. Kuonekana si kielelezo. Leta cheti cha mzazi.”

“Wazazi wangu wamekufa.”

“Basi vyeti vyao vya vifo.”

“Nao hawakuandikwa.”

“Anza na hao,” karani alisema, akamwita anayefuata.

Mchana mkurugenzi aliwapigia wakubwa simu kuwaambia kwamba kazi imekwenda bila hitilafu. Mama mdogo alichukua ngazi na kitambaa. Dari ilijaa alama za mafuta ya nywele. Alizifuta akitazama kwa jicho moja lililo zima, na kila aliyepita chini ya ngazi, mama mdogo alimweleza kwamba mashine inafanya kazi, na ni nani aliyeiwasha.