Vigae vya Mgongoni

Kwenye mlango wa duka la magodoro palikuwa na kibao: VUA VIATU. LALA UJARIBU. UKITOKWA NA KITU MGONGONI, ONDOKA NACHO. Mstari wa mwisho ulikuwa wa rangi mpya, maana wateja hawaambiliki, na muuzaji alikwishachoka kufagia vya watu.

Shangazi alivua kandambili zake, akaziweka mbali kidogo na viatu vya wifi yake, akasimama ukingoni mwa zulia, mkoba ameubana kwapani. Jina la Shangazi alipewa na watoto wa mdogo wake, mtaa ukalidaka, na sasa hata watu waliomzidi umri walimwita hivyo. Mdogo wake mwenyewe, mume wa wifi huyo, aliitwa Fundi. Alikuwa fundi wa vigae, na hapakuwa na bafu la tajiri pande zile ambalo hakulipigia magoti.

Walikuja kutafuta futoni, godoro lile la kukunja ambalo mchana ni kiti na usiku ni kitanda. Wiki iliyopita Shangazi alishindwa kunyanyuka asubuhi. Watoto walimkuta ameshika mguu wa meza, anajivuta. Muuguzi wa zahanati akamwambia Fundi mbele za watu, "Mtoe dada yako sakafuni, baba. Mtafutie kitu cha pamba, kizuri." Fundi akajibu, "Nani kakwambia analala sakafuni?" Lakini watu walikwishasikia.

Kwa hiyo leo walikuja, wote watatu, wamevaa vizuri.

Karibu na mlango, mlinzi mmoja wa usiku alikuwa amejinyoosha juu ya futoni ya kijivu. Mbao za benchi zilikuwa zimemtoka mgongoni, zimepangwa kando yake, na nyingine ilikuwa inakuja na msumari wake.

"Polepole, mzee wangu," muuzaji alimwambia. "Huo msumari usinichanie kitambaa."

"Mimi nifanyeje? Unakuja wenyewe."

"Geuka kidogo basi. Ubavu wa kulia. Eeh, hapo hapo."

Hiyo ndiyo tabia ya futoni iliyoshonwa vizuri kwa pamba tupu. Ukiilalia ukatulia, inavuta kutoka mgongoni kila ulichokuwa ukikilalia. Ile iliyojazwa mabaki ya sponji haitoi kitu, hata ulale mpaka uote. Ndiyo maana wanunuzi wanaojua hulala kwanza, bei ikafuata.

Shangazi aliijua tabia hiyo. Tangu alfajiri alikuwa akimwomba Mungu amnyime usingizi dukani, ampe mgongo mgumu, mgongo mkavu, usioachia neno. Maana alijua kilichomo. Alijua pia kwamba wifi yake amekuwa akiwaambia wanawake wenzake wa ibadani kuwa wifi yangu ana chumba chake, na dirisha lake, na pazia alilolichagua mwenyewe. Mmoja wa wanawake hao alikuwa pale pale dukani, mshona nguo mwenye miwani, anaminyaminya mito.

"Ee, Shangazi!" mshona nguo aliita. "Leo mmekuja kumpamba bibi harusi?"

"Tumekuja kumpumzisha," wifi alidaka kabla Shangazi hajafungua mdomo. "Kitanda chake kimezeeka. Nikasema hapana, wifi yangu hawezi kulalia chaga zinazolia."

"Mungu akuzidishie. Wengine wifi zetu hata maji hawatupi."

Muuzaji aliwapitisha. Aliwaonyesha ya kahawia yenye fremu ya mbao, akaidunda kwa ngumi, ngumi ikazama ikarudi polepole. Aliwaonyesha vifundo vya uzi vilivyoshika pamba isikimbilie miguuni. Fundi alichuchumaa akapitisha kidole kwenye mshono wote, mbele na nyuma, kama anavyokagua kazi ya mwenzake, akasema, "Huyu aliyeshona hii ana adabu."

Wifi hakutazama mshono. Alitoa kamba mkobani, kamba ya katani iliyopigwa fundo, akainyoosha juu ya futoni kutoka ncha hadi ncha. Fundo likaangukia ukingoni kabisa. Alitabasamu peke yake.

Shangazi aliitambua kamba ile. Jana alimwona wifi ameinyoosha sebuleni, kwenye ukuta wa chini ya dirisha, akaipiga fundo kwa meno.

"Na kamba ya kupimia stoo iko wapi?" aliuliza, kwa sauti ya chini, kwani stoo ndiko alikolala.

Wifi alijifanya anahesabu mito. Fundi alikuna shingo.

"Stoo naijua kwa macho, dada," alisema.

Huyu ndiye Fundi asiyekata kigae cha mtu bila kupima mara mbili na kumwita mwenye nyumba aje ashuhudie. Shangazi alimtazama, naye akawa anatazama dari.

"Mama, lala basi ujaribu," muuzaji alisema. "Bila kulala siuzi. Kesho utanirudishia useme imekubana."

"Mimi naiona tu ni nzuri."

"Kuona si kulala."

"Lala, wifi," wifi alisema, sauti ina asali juu na mchanga chini. "Lala kidogo tu. Usijiachie sana."

Shangazi alilala. Aliikaza shingo, akaukaza mgongo, akakaza hata vidole vya miguu. Alianza kusoma sala ile ndefu, akijua kuwa mtu anayesali hasinzii. Lakini pamba ilikuwa pamba kweli. Ilimpokea mabega, ikampokea kiuno, ikaingia katika mapengo ya mgongo ambayo hakuna kitu kilichowahi kuyajaza tangu amzike mume wake na kuja kwa mdogo wake kupumua siku mbili tatu. Sala ilimponyoka katikati. Machozi yakamtoka kwa raha, na raha yenyewe ikamtia hofu.

Kigae cha kwanza kilitoka chini ya bega la kushoto. Kilikuwa cha bluu, kizima, kina joto la mwili. Kikafuata cha kahawia, halafu kimoja chenye ua nusu, halafu vingine vya bluu, kila kimoja na saruji yake pembezoni. Muuzaji alivipokea, akavipanga zuliani kwa utaratibu wa kutoka kwake, na utaratibu huo ukafanya sakafu, nyembamba, urefu wa mtu aliyekunja magoti. Baada ya vigae ukatoka ufagio, kipini kwanza. Ikatoka harufu ya mafuta ya taa. Mwisho ukatoka upande wa gunia la viazi, wenye alama ya shavu.

Mlinzi aliinua kichwa. "Mama amevilalia kwa miaka, huyu."

Mshona nguo alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Alivitazama vigae, akamtazama wifi, akarudi kuminya mito yake.

"Hakuna chaga hata moja," alisema, kama anaongea na mto.

Wifi aliishika kamba kwa mikono miwili. Shangazi alikaa kitako juu ya futoni, akamngoja mdogo wake. Alimbeba mgongoni huyu alipokuwa mtoto, mgongo huu huu. Alitaka aseme neno moja tu, na lolote lingetosha.

Fundi alipiga goti. Aliokota kile chenye ua nusu, akakigeuza, akakigonga kwa ukucha, akasikiliza.

"Hiki nilikikata mwenyewe kikae nyuma ya mlango," alisema. "Masalio ya bafu la yule mwenye mabasi."

Shangazi alishusha pumzi. Akangoja sentensi ya pili.

"Kimetoka kizima," Fundi alisema. "Hata ufa hakuna. Mnaona kazi?"

Akaanza kuvikusanya, kimoja juu ya kimoja, kwa uangalifu, akiweka gazeti katikati ili visisuguane.

Shangazi aliinuka. Aliinuka bila kushika kitu, wima, mgongo mwepesi kama kanga iliyokauka kwenye kamba. Wote waliliona hilo, naye akajuta kuinuka upesi.

"Si umepona!" wifi alipiga makofi. "Wifi yangu amepona! Futoni ya maana hii. Tunaichukua."

"Nimepona leo," Shangazi alisema.

"Aliyepona amepona. Tushukuru Mungu."

Neno la kushukuru Mungu Shangazi hakuzoea kulipinga.

Futoni ilifika nyumbani kabla ya adhuhuri. Walijaribu kuipitisha stoo, na Fundi alijaribu kwa moyo wote, jasho likimtiririka, akaigeuza kwa ubavu, akaisimamisha. Ikikunjwa iliingia. Ikifunguliwa mlango haukufungika, na gunia la viazi halikuwa na pa kwenda. Kwenye ukuta wa chini ya dirisha la sebule iliingia kama imezaliwa pale. Wifi akaiacha na nailoni yake isichafuke.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Wageni wakija watalala pazuri, na sisi tutapata jina. Na wewe wifi si utakuwa unaikalia mchana? Mchana wote ni wako."

Stoo ilikuwa imebaki na shimo refu sakafuni, mchanga mtupu, pale vigae vilipong'oka. Fundi alibadili shati, akachanganya saruji. Alivirudisha vigae kwa utaratibu ule ule, kimoja kimoja, anapima kwa pimamaji, anarudia, anafuta kingo kwa kitambaa kibichi. Hakuna tajiri aliyewahi kufanyiwa kazi ile. Shangazi alisimama mlangoni akimmulikia kwa tochi.

"Saruji mbichi hailaliwi," alisema baadaye. Alilisema polepole, kama mtu anayesogeza kete. "Wewe mwenyewe huwaambia watu. Ingojeni siku nzima, huwaambia."

Sebuleni wifi aliacha kukwaruza nailoni. Nyumba nzima ikasikiliza.

Fundi alijifuta mikono. Alimtazama dada yake, kwa mara ya kwanza siku ile, na macho yake yalikuwa mekundu, labda kwa vumbi.

"Hii nimeitia dawa, dada," alisema. "Dawa ghali, ya kazi za haraka. Usiwe na wasiwasi. Magharibi itakuwa imekauka."

"Asante, mdogo wangu."

Na kweli, magharibi ilikuwa imekauka. Shangazi alitandika mkeka wake, akalala chali, akaanza sala yake ndefu ili aimalize safari hii. Alipofika katikati, alihisi kona ya kigae cha bluu ikipapasa chini ya bega la kushoto, inatafuta njia. Akajisogeza kidogo. Kikaingia.