Mkeka Chini ya Televisheni

Shelisheli lilipodondoka juu ya bati la jiko lake, saa ya sala, Pualele alitamka neno moja. Moja tu. Lakini neno lenyewe halimo katika Biblia, na kijiji kizima kilikuwa kimya, vichwa vimeinama, hata mbwa wamelala, kwa hiyo lilisikika vizuri mpaka kwa wifi yake Moelagi, hatua kumi kutoka hapo.

Kesho yake Moelagi akaenda mbele ya baraza la wazee. Hakudai nguruwe wala katoni ya samaki wa kopo, faini iliyozoeleka kwa anayevunja saa ya sala. Alisema sala iliyovunjwa ni ya nyumba yake, basi nyumba yake ndiyo iombwe radhi, tena kwa mkeka wa heshima. Alijua fika kwamba sandukuni mwa Pualele mkeka wa namna hiyo ulikuwa mmoja. Mama yake aliusuka miaka miwili mpaka macho yakaingia ukungu, ukili mwembamba kama uzi, pembeni manyoya mekundu, na ulikuwa laini kiasi kwamba ukiukunja unaingia ndani ya kikapu cha mayai.

"Mtu wa kuja lazima afunzwe," Moelagi aliwaambia wazee. "Marehemu kaka yangu alimwoa, hakumfunza. Alikuwa mpole mno."

Mtu wa kuja, na Pualele ameshaolewa hapo kisiwani Savai'i miaka thelathini na minne, amezaa hapo, amezika hapo. Lakini binti wa kijiji ni binti wa kijiji, na mke wa kuletwa ni mke wa kuletwa hata akiota mvi za miguuni. Mkeka ukatoka. Pualele aliukabidhi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akarudi nyumbani kuchemsha kakao yake. Hakulia. Kulia kunapoteza nguvu, naye alikuwa na kazi nazo.

Mwaka ukapita.

Siku moja gari la bandarini likashusha kwa Moelagi televisheni pana kama mlango, pamoja na kisanduku cheusi kidogo cha kuleta picha kwa mtandao. Mwanawe wa Auckland ndiye aliyetuma. Moelagi na mumewe Setu waliizunguka asubuhi nzima. Setu ni mtu wa maneno machache, kwa sababu mengine yote yamechukuliwa na mkewe. Mchana Moelagi akasimama ukingoni mwa nyumba yake isiyo na kuta, kama zilivyo nyingi pale, akaita kwa sauti ya asali.

"Wifi, ee wifi. Wewe si ulikaa Auckland miaka tisa?"

"Nilikaa nikisafisha ofisi, wifi. Sikuwa nikitengeneza televisheni."

"Lakini hizo ofisi zilikuwa na televisheni."

"Nilizipangusa vumbi."

"Basi njoo upanguse hii."

Pualele alikwenda. Hakuwa na nia mbaya siku hiyo, tuseme ukweli, au kama alikuwa nayo ilikuwa imelala. Ila alipoinama nyuma ya meza kutafuta pa kuchomeka waya, macho yake yakakutana na manyoya mekundu. Mkeka wa mama yake ulikuwa umekunjwa mara nne na kuwekwa chini ya televisheni ili isikwaruze meza.

Alikaa ameinama hivyo muda kidogo.

"Umekwama mgongo?" Moelagi akauliza.

"Naangalia tu waya, wifi. Waya ni jambo la kuangalia."

Mkeka wa heshima haukaliwi, haulaliwi, hauwekewi kitu. Unatolewa harusini na msibani, unapeperushwa watu wauone, unafungwa tena. Hata chungu hakiwekwi juu ya kitu cha namna hiyo, sembuse televisheni. Pale pale, magoti yakiwa sakafuni, Pualele akaapa moyoni kwamba mkeka ule utarudi sandukuni mwake, na kwamba Moelagi ndiye atakayeutoa kwa mikono yake mwenyewe, watu wakitazama.

Basi akafanya kazi kwa bidii ya ajabu. Aliunga kisanduku na mtandao, akatunga neno la siri, akajaza jina na anwani, akamwonyesha Moelagi maandishi kwenye kioo: majaribio siku saba, bure. Kisha akapakua kwenye simu yake programu ya kisanduku kile. Simu ikiwa kwenye mtandao uleule hufanya kazi zote za rimoti, kuwasha, kuzima, kupandisha sauti, na mtandao wa Moelagi ulifika mpaka kitandani kwa Pualele bila shida.

"Unafanya nini na simu?" Moelagi akauliza.

"Naangalia saa. Sasa sikiliza vizuri, wifi. Unauona waya huu? Usiuchomoe kamwe siku hizi saba. Ukiuchomoa tu, majaribio yanafutika yote na mwanao ataanza upya kuhangaika na watu wa kampuni."

"Hata radi ikipiga?"

"Radi haina ubaya. Ubaya ni mkono wa mtu."

Moelagi akamgeukia mumewe. "Umesikia, Setu? Mkono wako ukae mbali."

Setu akaangalia mkono wake kana kwamba umeshakosa.

Siku mbili za kwanza Pualele aliwaacha wajifurahishe. Moelagi alinasa kwenye tamthilia moja ya Wafilipino, ya daktari Alfredo na mwanamke mwenye nywele ndefu aliyelia kila dakika kumi. Wanawake wa jirani walikuja kukaa ukingoni mwa nyumba kutazama, na Moelagi aliwapangia nafasi kama mhudumu wa kanisa: wewe mbele, wewe nyuma, wewe na mtoto wako mwenye kamasi kaa kule. Pualele hakupewa nafasi. Alitazama kutoka kwake, juu ya ua.

Siku ya tatu akaanza majaribio yake mwenyewe. Alibonyeza sauti ikapanda kidogo. Moelagi akaishusha. Akaipandisha. Ikashushwa. Siku ya nne akaizima mchana, akaiwasha, akaizima. Moelagi alitoka nje akiwa na rimoti mkononi.

"Wifi, kitu hiki kina pepo."

"Ni joto," Pualele akamjibu, akimenya magimbi. "Vitu vya Auckland havijazoea joto letu. Vitatulia."

"Nikichomoa waya ikapumzika?"

"Chomoa ukitaka. Lakini yule daktari atakwenda na hutajua aliishia wapi."

Moelagi akarudi ndani upesi.

Siku ya sita, jioni, kombe la bahari likapulizwa, ishara ya kuanza saa ya sala. Vijana wa baraza wakajipanga barabarani na fimbo zao, vifua wazi, kuzuia wapita njia. Kila nyumba watu wakakaa chini, wakaanza nyimbo. Kwa Moelagi televisheni ilikuwa imezimwa, na rimoti aliitia kwenye mfuko wa gauni, maana hakumwamini Setu nayo. Pualele alikuwa peke yake kwake, kitabu cha nyimbo kwenye paja la kulia, simu kwenye paja la kushoto.

Nyimbo zikaisha. Ukaja ule ukimya wa sala, unapoweza kusikia mawimbi yakipiga miamba na mzee wa nyumba ya nne akikohoa. Moelagi akaanza kuomba kwa sauti, kama desturi yake, akiwaombea wote wenye ndimi chafu.

Pualele akabonyeza.

Kwanza kioo kikawaka, buluu, nyumba nzima ikang'aa. Halafu yule mwanamke wa nywele ndefu akapiga kelele, sauti ikiwa imepandishwa mpaka mwisho, kelele iliyofika kanisani na kurudi:

"Mtoto si wako, Alfredo. Mtoto si wako."

Nazi zingekuwa na masikio zingedondoka. Moelagi aliruka, akatoa rimoti, akabonyeza. Sauti ikashuka. Pualele akaipandisha. Moelagi akazima. Pualele akawasha. Mwanamke akaendelea kulia, Alfredo akaanza kuvunja vyombo.

"Chomoa waya," Setu akasema. Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusema saa ya sala.

"Usiguse."

"Mke wangu, watu wanasali."

"Usiguse nimekwambia, majaribio yatafutika."

Hayo aliyasema kwa sauti ya kushindana na Alfredo, kwa hiyo kijiji kilichosikia televisheni kilimsikia na yeye. Vijana wa baraza wakaja mpaka ukingoni mwa nyumba. Mkubwa wao akamwambia kwa adabu, "Mama, zima." Moelagi akasema anazima. Akabonyeza rimoti, akaigonga kiganjani, akakaribia kuibusu. Setu akanyoosha mkono kuelekea waya, naye akaupiga kofi. Vijana wakasimama wakihesabu dakika moyoni. Hivyo hivyo, mpaka kombe la kumaliza sala likapulizwa.

Hapo Pualele akazima, akafunga kitabu chake, akasema amina.

Alivyojiambia usiku ule akila samaki wake ni kwamba yeye aliwasha tu. Kuzima kulikuwa mkononi mwa Moelagi tangu mwanzo. Waya ulikuwa pale, wa kuvuta na kumaliza. Mtu akipewa nafasi ya kuchagua kati ya Mungu na Alfredo, akamchagua Alfredo, kosa si la aliyewatambulisha.

Asubuhi baraza likakaa. Mzee Leota, msemaji wao, aliuliza yule kijana mkubwa alisikia nini hasa. Kijana akasimama wima.

"Nilisikia, mzee wangu, kwamba mtoto si wa Alfredo."

Wazee wakaangaliana. "Mtoto ni wa nani, kwani?" akauliza mmoja wao.

"Hawakufika huko, mzee wangu."

"Tuendelee," Leota akasema, ingawa ilionekana kidogo kwamba hata yeye angependa kujua. Akamgeukia Moelagi. "Binti yetu, ulikuwa na njia ya kunyamazisha kile kitu?"

"Rimoti ilikataa, mzee."

"Na waya?"

Moelagi akarekebisha gauni lake. Setu, aliyekuwa nyuma yake, akafungua mdomo kwa mara ya pili katika wiki moja. "Waya ulikuwepo."

Moelagi akamgeukia kwa jicho ambalo Setu atalikumbuka mpaka kaburini. Kisha akasema atatoa nguruwe. Atatoa wawili. Pualele alikuwa amekaa upande wa wanawake, mikono imefungwa, mpole kama kondoo wa picha.

"Mimi sina neno, wazee wangu," akasema alipopewa nafasi. "Mimi ni mtu wa kuja, nimefunzwa mwaka jana tu. Nilifunzwa kwamba sala ya nyumba ya jirani ikivunjwa, jirani anaombwa radhi kwa mkeka wa heshima. Kwa neno moja. Sasa jana maneno yalikuwa mengi, sikuyahesabu, nilikuwa naomba. Kama somo limebadilika, mniambie, niliache nami."

Wazee wakacheka ndani ya ndevu zao. Leota akagonga mkongojo wake chini mara moja. Kipimo ni kilekile, akasema.

Moelagi alikuwa na mikeka saba sandukuni. Akasema ataleta mkubwa kuliko wote.

"Mkubwa utanisumbua kuufunga," Pualele akasema. "Nipe ulio karibu. Uko chini ya televisheni."

Baraza zima likanyamaza, na ukimya huu haukuwa wa sala. Leota akauliza polepole, "Chini ya nini?"

Wakaenda wote kuona. Ilibidi Moelagi aikumbatie ile televisheni, aiinue, aiweke chini sakafuni kama mgonjwa, halafu avute mkeka. Waya ukachomoka wenyewe, na wala hakuna kilichofutika, lakini hilo halikutangazwa. Wanawake waliokuwa wakipangiwa nafasi walisimama ukingoni, mbele na nyuma, hata yule mwenye mtoto wa kamasi. Moelagi akavuka hatua kumi na mkeka mikononi, akainama.

Walipokaribiana nyuso, akanong'ona, "Rimoti ilikuwa mfukoni mwangu, wifi."

"Basi mfuko wako ukaguliwe, wifi."

"Nitajua ulifanyaje."

"Utajua. Wewe ni mtoto wa hapa, unajua kila kitu."

Mwana wa Auckland hakuambiwa yote. Aliambiwa televisheni ni nzuri, na siku saba zilipoisha akaendelea kulipia. Moelagi akawa anatazama peke yake, mchana, mbali kabisa na saa ya sala, sauti chini. Wageni hawakuja tena.

Siku moja Pualele alitoa mkeka juani kuondoa unyevu. Alikuwa na moyo mwepesi. Alikuwa hata ameshachukua simu kufuta ile programu, kwa sababu mkeka umerudi na mtu haendi na kisasi mpaka peponi, hawamruhusu mlangoni. Akapitisha kiganja juu ya ukili wa mama yake, upande wa kati.

Vidole vikakuta mabonde. Manne. Pale miguu ya televisheni ilipokaa. Akayasugua, akayanyunyizia maji, akayanyoosha kwa ukucha. Hayakutoka. Mama yake hakumaliza miaka miwili ya kusuka ili kitu kiache nyayo zake pale.

Juu ya ua alisikia muziki wa tamthilia. Ilikuwa sehemu ya mwisho. Alijua, alishaitazama yote kwenye simu. Alfredo alikuwa amepiga magoti hospitalini. Mwanamke wa nywele ndefu alikuwa amepangusa machozi, kwa mara ya kwanza.

"Nitakwambia mtoto ni wa nani," mwanamke akasema. "Baba yake ni..."

Pualele akabonyeza.

Kimya. Halafu kiganja kikagongwa na rimoti, mara tatu, mara nne.

"Setu, umegusa nini?"

"Sijagusa kitu."

Pualele akakunja mkeka wake, mabonde yakiwa ndani, akaenda kuangalia kakao.