Ua la Nusu Ukurasa

Hebu niambie wewe unayenisikiliza: umewahi kukaa kwenye benchi la kanisa ukaona kitu chako, ulichokilipia mwenyewe, kinanadiwa mbele ya macho yako, na mdomo ukakataa kufunguka? Tulinagwe lilimkuta hilo, na mpaka leo akilikumbuka hajui acheke au anune.

Tulinagwe anakaa Kyimo, na majirani humwita Mama Lugano, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ni mfumaji, ila si wa kuuza. Anafuma kwa sababu mikono ikikaa bure mvua ya kwetu huzidi kuwa ndefu. Nyumbani kwake kila kiti kina kitambaa, redio ina kitambaa, chupa ya chai ina kitambaa, na ndoo ya maji ya kunywa ina chake chenye shanga pembeni ili kisipeperuke.

Mwaka juzi alinunua sweta la mtumba, la kijivu, lenye vifungo vya mbao. Alipolifua akakuta mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliianika juu ya kawa, ikakauka, akaifungua taratibu isichanike. Ulikuwa ukurasa wa kitabu cha kufuma. Maandishi yake yalikuwa kama vijumba vidogo vyenye madirisha, hakuna hata herufi moja aliyoijua. Lakini mchoro aliusoma. Kijiduara ni mnyororo, kijiti chenye kichwa ni nguzo, na vijiti vikiungana juu unavikusanya pamoja. Ni alama zile zile ambazo mwalimu wa kazi za mikono aliwachorea ubaoni, yeye na wenzake, walipokuwa darasa la sita.

Lilikuwa ua. Linaanzia katikati, dogo, linafunguka mzunguko kwa mzunguko, majani yanatokea, kisha petali zinaanza kupinda upande mmoja kama zinageuka kutazama kitu. Hapo hapo karatasi inaisha. Pembeni kuna kishale kinachosema endelea ukurasa wa pili, na ukurasa wa pili haupo.

Alilifuma mpaka kwenye kishale. Kutoka hapo akajaribu kulimalizia kwa akili yake, likajikunja kama bakuli. Akafumua. Akajaribu tena, likawa kabichi. Akafumua. Mwishowe akakiacha kitambaa vile vile nusu, akawa anakitumia kufungia kitabu chake cha nyimbo, na kila Jumapili akikifungua anazitazama zile petali na kujiuliza zilikuwa zinageukia nini.

Sasa, uzi wake hununua Msasani, mjini Tukuyu, kwenye duka la Mwanaheri. Mwanaheri ni mama mtu mzima, mcheshi, na ana simu inayojua mambo. Siku moja Tulinagwe akamwonyesha ile karatasi. Mwanaheri akaipiga picha, simu ikatafakari kidogo, ikaleta kitabu kizima: kinatoka Japani, jalada la bluu, na juu ya jalada ua lenyewe, dogo kama kifungo. Tulinagwe alilisogelea mpaka pumzi ikatia ukungu kwenye kioo. Mwisho wake hauonekani.

Akauliza bei. Bei ya kitabu haikuwa mbaya, kama mkungu mzuri wa ndizi na jogoo juu yake. Kumbe hiyo ni bei ya kitabu kikiwa kimekaa huko huko kwao. Kukileta ni bei nyingine, na hiyo nyingine ilikuwa mara mbili ya ile ya kwanza. Tulinagwe hakuelewa. Akauliza kama kitabu kitapewa kiti chake kwenye ndege. Mwanaheri akacheka, akaeleza habari za uzito na umbali, akaeleza tena, lakini mwenzake alibaki palepale: aliyekiandika, akachora maua yote yale, anapata kidogo, na aliyekibeba tu anapata kikubwa?

"Ndivyo walivyopanga, Mama Lugano," Mwanaheri akasema. "Unaagiza au tuendelee kulitazama?"

Akaagiza. Alitoa pesa ya maparachichi, na hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu pesa ile alikuwa amemwambia Lugano kwamba ameiweka kwa ajili ya bati za jiko. Jiko linavuja hasa juu ya mafiga, na Lugano kila akija hutazama juu na kuuliza bati zimefikia wapi. Tulinagwe alipanga kuirudisha msimu unaofuata. Ila atamwambiaje mtu mzima, mwenye watoto wanne, kwamba mama yake amenunua ua?

Simu ikataka sanduku la posta. Mwanaheri hana, Tulinagwe hana. Akakumbuka sanduku la usharika wao, ambalo tangu zamani hupitisha barua za kila mtu, za shule, za harusi, za waliohamia mbali. Mwanaheri akauliza jina la mpokeaji. Tulinagwe akasema asiandike jina lake. Aandike usharika tu, inatosha. Mwinjilisti anayekwenda kuchukua barua ni Andrea, mtoto wa dada yake, atamnong'oneza amwekee.

"Mzigo bila jina la mtu?" Mwanaheri akauliza. "Mama Lugano, huu utakuja kututoa jasho."

Lakini akaandika hivyo.

Kitabu kikaanza safari, na safari yenyewe haikueleweka. Mara simu inasema kimeondoka. Mara kipo nchi za Kiarabu. Mara kimerudi nyuma kwenye mji ambao kilishapita, kama mtoto aliyesahau sweta nyumbani. Kila Jumanne Tulinagwe akishuka Msasani humkuta Mwanaheri naye amekunja uso juu ya simu. Kikafika Dar es Salaam, wakashukuru, halafu ukaja ujumbe kwamba kuna ada ya kukishughulikia. Tulinagwe akauliza kwani kilikuwa kinaumwa. Akauza kuku wawili wa mayai, akalipa. Baada ya hapo kimya, wiki na wiki, mpaka Ijumaa moja simu ikasema neno moja: umekabidhiwa.

Umekabidhiwa nani? Wakampigia Andrea. Kumbe Andrea alishahamishiwa Matwebe, na katika kufunga mizigo alisahau kabisa kumwachia maneno mwinjilisti mpya, Anyelwisye. Akaomba radhi, akasema atampigia sasa hivi. Tulinagwe akamkataza, akasema atamuuliza mwenyewe. Huyo Anyelwisye alikuwa hajamzoea, na kumuuliza kulikuwa ni kuitoa siri. Jumamosi ikapita hajauliza.

Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno. Kanisa lilinukia ndizi mbivu na majani mabichi. Mbele kulikuwa na mikungu, magimbi, chai ya majani kwenye mifuko, maparachichi ya kila ukubwa, na jogoo mmoja aliyefungwa miguu ambaye aliitikia mahali pasipohitaji kuitikiwa. Ibada ilipokwisha Mzee Jairo akasimama kunadi. Jairo ndiye mzee wa kanisa anayepewa kazi hiyo kila mwaka kwa sababu anaweza kukuuzia gimbi ulilolileta wewe mwenyewe ukaondoka unamshukuru. Na kwetu mtu akishanunua kitu, mara nyingi hakipeleki nyumbani. Hukirudisha mezani kinadiwe tena, watu wakapiga makofi, na sadaka ikaongezeka.

Ndizi zikaisha. Jogoo akaenda. Jairo akainama, akainua bahasha iliyokwisha kukatwa, akatoa kitabu cha bluu.

Tulinagwe aliona kanisa linasogea kidogo, kisha likarudi mahali pake.

Jairo akatangaza kwamba marafiki wa ng'ambo, wale wale waliowahi kuleta miwani, wamewakumbuka tena; kitabu kimekuja kwa jina la usharika, hakina barua, hakina maelezo, na baraza limekaa juu yake halikuelewa ni cha nini. Akakifungua, akakigeuza juu chini, akakirudisha. Akakinyanyua ili watu waone ile michoro ya duara ndani ya duara.

Kila mtu akaona lake. Mwalimu wa kwaya akasema huenda ni noti za nyimbo za watu wa huko. Mama mmoja akasema ni vijidudu vya magonjwa, aliviona ukutani zahanati. Wilson, mwenye mashine ya kusaga, akaja mbele, akavaa miwani, akapitisha kidole juu ya mistari, akasema kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba hiyo ni mizunguko ya waya ndani ya mota, na kwamba mashine yake imekuwa ikimsumbua kwa kukosa kitabu kama hicho. Akataja bei pale pale.

Tulinagwe akanyoosha mkono. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka, akaongeza kidogo juu ya Wilson.

Watu wakageuka. Jairo akatabasamu.

"Mama Lugano, unataka kututengenezea mashine?"

Kanisa likacheka, kicheko cha kumpenda. Wilson akaongeza. Tulinagwe akaongeza. Kichwani mwake alikuwa anachanganyikiwa kabisa: ameshakilipia kitabu hiki, amelipia kubebwa kwake, amelipia kushughulikiwa kwake, na sasa anakilipia kwa Mungu, na akikosea kidogo kitakwenda kuvunja mashine ya watu. Wilson akaongeza tena, na safari hii ilikuwa juu kuliko chochote alichokuwa nacho kwenye pindo la kitenge.

Ndipo Lugano aliposimama upande wa wanaume. Alikuwa amemwona mama yake anahangaika, akadhani anataka sana kutoa sadaka na uwezo umeishia njiani, na moyo wa mtoto ukamuuma. Akataja bei iliyomfanya Wilson avue miwani. Jairo akaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kikawa cha Lugano.

Tulinagwe alishusha pumzi mpaka mabega yakashuka nayo. Kitabu kimeingia nyumbani. Jioni Lugano atakileta, atakiweka mezani, na yeye atakifungua polepole, wala hapatakuwa na haja ya kusema lolote.

Lugano akakipokea, akakifunua, akatikisa kichwa kwa kutoelewa. Kisha akapita hatua zote mpaka mbele, akakirudisha mezani kwa mikono miwili.

"Kwa niaba ya mama yangu," akasema, "kinadiwe tena."

Makofi yalikuwa mengi. Waliokaa karibu na Tulinagwe wakamshika mkono, ndaga, ndaga, mama umezaa. Yeye aliitikia ndaga bila kujua anamshukuru nani kwa nini. Wilson alishavaa miwani tena. Akataja bei, ndogo kuliko ile ya mwanzo, na hakuna aliyeongeza. Jairo akaita mara ya kwanza. Akaita mara ya pili, akiwa tayari anakinyoosha kitabu upande wa Wilson.

Tulinagwe akasimama. Hakutaja bei. Alitoka kwenye benchi lake la tatu, akapita kwa mama mmoja na mwingine akiomba njia, akafika mezani. Akakifungua kitabu chake cha nyimbo kutoka kwenye kile kitambaa, akakitandaza kitambaa juu ya meza kando ya udongo ulioachwa na magimbi, akakinyoosha kwa kiganja. Kisha akamwomba Jairo kile kitabu cha bluu. Jairo, bila kuelewa, akampa.

Akafunua kurasa, si haraka. Alipofika, akakilaza kando ya kitambaa. Jairo akainama. Wilson naye akainama, akatazama mchoro, akatazama kitambaa, akatazama tena mchoro, na taratibu sana akavua miwani yake akaitia mfukoni.

"Mama," Lugano akasema kwa sauti ya chini, maana alikuwa bado amesimama pale mbele, "unakijua hiki kitabu?"

"Nimekiagiza mimi. Hakuna rafiki wa ng'ambo. Niliandikisha kwa jina la usharika ili usijue."

"Umekiagiza kwa pesa gani?"

"Ya bati."

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Lugano akakisogelea kitambaa. Akatazama zile petali zilizogeukia upande mmoja na kukatika, uzi bado unaning'inia. Uso wake haukuwa wa hasira, ulikuwa wa mtu aliyepotea njia kwenye kijiji chake mwenyewe.

"Mama, ungeniambia. Ulikuwa unataka nini hasa?"

Tulinagwe hakumtazama. Kidole chake kilikuwa juu ya karatasi, kimefika kwenye kile kishale anachokijua, na mkono wa pili ulikuwa umeshika ncha ya ukurasa unaofuata, haujaufunua bado.

"Nilitaka kuona ua linavyoishia," akasema. "Basi. Nilitaka hilo tu, mwanangu, na nilitaka liwe langu."